Fundi akitaka kutoa masega ya gari, mzazi uliza kwanza

KWA mkazi wa Tabora, ukitaja masega atafikiria asali ya miombo. Gerejini neno hilo lina maana nyingine: ni kifaa chenye vijitundu kama sega la nyuki, kinachofungwa kwenye bomba la moshi la gari. Mzazi mwenye gari anapaswa kukifahamu, kwa sababu kinahusu afya ya watoto wake.

Ndani ya masega kuna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo yakiwa yamepata moto, kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu, hugeuzwa kuwa hewa ya ukaa.

Madini hayo yana soko. Gari likikosa nguvu, unaweza kuambiwa masega yameziba, yatolewe na bomba liunganishwe tupu. Kama kweli yaliziba, gari litakuwa jepesi, lakini moshi utatoka na sumu yake yote. Mtoto huathirika zaidi: ni mfupi, yuko karibu na usawa wa bomba, na hupumua haraka kuliko mtu mzima.

Hatari huongezeka pale bomba linapovuja chini ya gari, kwani kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Chukulia safari ya Tabora kwenda Kigoma kupitia Urambo na Kaliua, ukanda wa misafara ya zamani ya Ujiji. Watoto wakiumwa kichwa, wakisikia kichefuchefu au kusinzia kupita kiasi, ni rahisi kudhani ni malaria au uchovu. Simamisha gari, shukeni wote mpate hewa safi, kisha wahini hospitali na mweleze kwamba mlikuwa garini. Maumivu yanayopungua mkishuka na kurudi mkipanda yasipuuzwe.

Ukilazimika kubadilisha

Masega mapya ya bei nafuu, yasiyotoka kwa mtengenezaji wa gari, mara nyingi huwa na madini kidogo na huchoka mapema. Nchini Marekani, masega ya awali hudhaminiwa miaka 8 au kilomita zipatazo 130,000. Ya watengenezaji wengine hutakiwa kufanya kazi vizuri kwa kilomita 40,000 tu. Kwa hiyo:

• Gari lipimwe kwa mashine kwanza. Taa ya injini ikiwaka, huenda tatizo ni sensa ya oksijeni.

• Tibu chanzo. Plagi mbovu au injini inayokula oili itaua hata masega mapya.

• Nunua yanayolingana na aina ya gari na ukubwa wa injini.

• Dai masega ya zamani. Ni mali yako na yana thamani.

• Hakikisha viungo vya bomba havivuji kabla ya kulipa.

Hata yakiwa mapya, masega hayafanyi kazi yakiwa baridi. Usiache gari likiunguruma ndani ya banda lililofungwa, wala watoto wasicheze nyuma yake wakati unalipasha moto asubuhi.