Zawadi ya Mtoto kwa Baba: Kete za Bao na Kikoba cha Ukili

Katika somo la kazi za mikono, zawadi ya mzazi ni jambo lililozoeleka, na mara nyingi hufundishwa vibaya. Mwaka mmoja, nikiwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, niliingia darasani nikakuta kadi arobaini zimepangwa mezani. Zote zilikatwa sawasawa, zote zilikuwa na ua jekundu na maneno yaleyale. Mwanachuo alikesha akizikata. Watoto walitia rangi tu. Nilimpa alama nzuri kwa unadhifu, jambo ninalolijutia, kwani jioni ile niliiona mojawapo ya kadi hizo imefungiwa karanga.

Baba aliyefanya hivyo hana lawama. Kadi haikuwa na kazi nyumbani mwake, wala hapakuwa na alama ya mkono wa mwanawe ndani yake. Basi mwalimu hana budi kuanza na swali hili: je, baba atakitumia kitu hiki? Hapa Pemba wanaume wengi, wawe wachumaji wa karafuu au wavuvi, hupumzika barazani baada ya sala ya alasiri, na bao huwekwa. Kete hupotea kila siku. Kwa hiyo napendekeza zawadi ya kete kamili za bao, zikiwa ndani ya kikoba cha ukili.

Kete bora ni komwe. Mkomwe humea karibu na pwani, na kwa kuwa mbegu zake huelea, nyingine huokotwa ufukweni zikiwa zimeletwa na maji. Mti wenyewe una miba iliyopinda kama ndoana, na maganda yake pia yana miba. Mwalimu afuatane na watoto, na maganda yapasuliwe kwa fimbo, si kwa vidole. Komwe zioshwe, zikaushwe, kisha zichaguliwe zinazolingana. Kazi hii ya kuchagua isiharakishwe. Mtoto anayeziviringisha komwe kiganjani, akaiacha hii na kuishika ile, anajifunza kupima kwa jicho na kwa mkono, na hilo ni gumu kufundisha ubaoni.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni huweka sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, yaani kumi. 22 husalia mkononi. Hesabu hizi mtoto azifanye kwa kete zake mwenyewe, na akigundua ana 61 atarudi ufukweni bila kuambiwa. Tahadhari moja: nyumbani zisiachwe mikononi mwa watoto wachanga, wasije wakazimeza.

Kikoba hutengenezwa kwa ukindu uliokaushwa na kuchanwa chane nyembamba. Mtoto aanze na chane tatu, kama asukavyo nywele, ndipo aongeze hadi tano na saba. Ukili upatao upana wa vidole viwili huzungushwa, ukashonwa ukingo kwa ukingo. Wavulana wengine watasema kusuka ni kazi ya wanawake. Mwalimu asibishane nao. Awakumbushe tu kwamba dema la mvuvi husukwa, na pakacha la karafuu pia, na wasukaji wake ni wanaume. Mara nyingi bibi wa kijijini hufundisha ukili vizuri kuliko sisi wenye stashahada, naye aalikwe darasani.

Kikoba kilichopinda kiachwe kimepinda. Mkono wa mwalimu usiingie, na zawadi isitiwe alama.

Liko jambo zito zaidi. Katika kila darasa yumo mtoto ambaye baba yake hayupo: yuko dago, au ng'ambo katika kutafuta riziki, au amefariki. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikija Pemba, nyumba nyingi za kisiwa hiki zilifiwa. Mwalimu aijue hali ya kila mtoto kabla ya kulitaja somo, wala asingoje mtoto ajieleze mbele ya wenzake. Aseme tangu mwanzo kwamba zawadi ni ya baba, au babu, au ami, au mjomba, au yeyote anayemlea mtoto. Na mtoto akitaka kumtengenezea baba aliyefariki, asizuiwe. Achague mwenyewe nani atazipokea kete hizo.

Kwa kuwa ukindu huhitaji siku kadhaa za jua, na mtoto huhitaji vipindi visivyopungua vitano kusuka ukili wa kutosha, kazi ianze majuma manne kabla ya Idi. Ukindu mbichi usishonwe, kwani hunywea ukikauka, na mishono huachia nafasi ambazo kete zitapenya.