Mashine Moja, Mifumo Miwili: Kijana Mpiga Picha Achague Kompyuta Gani?

Jumamosi ikifika, barabara za Dilala na Manika katika mji wa Kolwezi hujaa magari ya arusi. Honi zalia, vumbi jekundu lapanda, na mbele ya maarusi yuko kijana mwenye kamera shingoni, anarudi kinyumenyume hatua kwa hatua huku akiwaomba wainue nyuso. Zamani kazi ya kijana huyo ilikaribia mwisho alipopeleka filamu kusafishwa. Leo ndiyo kwanza yaanza: arudipo nyumbani usiku ana picha elfu moja katika kadi ndogo kama ukucha, na hapana budi azichambue, azirekebishe mwanga na rangi, azitunze, kisha azipeleke kuchapwa. Kazi hiyo yote hufanyika katika kompyuta.

Ndiyo maana wazazi wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi huombwa na wana wao msaada wa kununua kompyuta ya kupakata, na ombi lenyewe huja na maneno mageni: «Baba, nataka mashine iwezayo kuendesha mifumo miwili.» Baba hujiuliza kama mtoto anataka kununuliwa mashine mbili. Basi makala haya ni kwa ajili ya baba huyo, na mama, na kijana mwenyewe. Maana fedha zitakazotoka si za mtu mmoja. Ni za mshahara wa mgodini, za mjomba, za mauzo ya mama sokoni, na zikipotea safari hii hazitapatikana tena upesi.

Mfumo wa uendeshaji ndio ule utaratibu unaoiamsha mashine, unaotawala kioo, diski na betri yake, na unaozipa programu nyingine zote mahali pa kufanyia kazi. Wengi wetu twaujua mmoja tu, yaani Windows ya kampuni ya Microsoft. Mwingine huitwa Linux. Huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, nchi ya Finland, naye akautoa bure, kila mtu aweze kuuchungua na kuutengeneza. Kuna aina nyingi za Linux. Ijulikanayo kuliko nyingi ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji kufasiriwa kwetu: ubuntu ndio utu.

Kompyuta yenye mifumo miwili haiendeshi yote miwili kwa wakati mmoja. Uiwashapo, hukuuliza wataka kuingia upi, nawe wachagua. Jambo hili lafaa lieleweke vema, kwa kuwa wauzaji wengine humwambia mnunuzi kwamba mifumo miwili yataka kumbukumbu maradufu. Si kweli. Kwa kuwa mfumo mmoja tu ndio ulio macho, kumbukumbu yote ni yake. Kigawanywacho ni diski, nayo ndiyo yapasa kuwa kubwa.

Na kwa nini mpiga picha ataabike na mifumo miwili? Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe. Wengi waliofundishwa kazi hii hutumia Lightroom na Photoshop za kampuni ya Adobe, nazo hazikutengenezwa kwa Linux. Upande wa pili, Linux yaja na hazina yake: darktable na RawTherapee kwa kusafisha picha mbichi, GIMP kwa kuzirekebisha, digiKam kwa kuzipanga, zote bure, bila ada ya kila mwezi. Lakini nisimdanganye msomaji: programu hizo nne hupatikana pia kwa Windows. Mtu ambaye hizo zamtosha, na mashine yake ni mpya, aweza kukaa na mfumo mmoja akalala usingizi. Faida nyingine ya Linux kwetu ni hii, kwamba flashi zetu hupita mikono ishirini kwa juma, toka duka la kuchapa hadi ofisi ya shule, na virusi vingi vibebwavyo nazo vilitungwa kwa ajili ya Windows. Tena Linux hukuachia wewe kuamua lini uteremshe masahihisho yake, jambo lisilo dogo kwa mtu anunuaye intaneti kwa megabaiti.

Iko sababu nyingine iliyokuja juzi tu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Kwa hiyo mashine nyingi za ofisi zimetupwa sokoni huko Ulaya, nazo zitatufikia kwa bei ya kuvutia. Kijana ajifunze kusoma jina la prosesa ya Intel. Ukiona i5-8250U, ile 8 baada ya kistari yasema kizazi cha nane. Hicho na vilivyofuata hukubaliwa na Windows 11. Ukiona i5-6300U, mashine hiyo itaishi vema na Linux, lakini kwa Windows njia yake rasmi imefungwa. Muuzaji asemaye «zote ni i5» hajasema neno.

Kumbukumbu iwe gigabaiti 16. Kwa 8 kazi hufanyika, ila kwa saburi nyingi. Uliza kama yaweza kuongezwa baadaye, kwa kuwa katika mashine nyembamba za kisasa mara nyingi imechomelewa, nawe utabaki na ile uliyonunua. Hapo mashine za ofisi kama ThinkPad za mfululizo wa T au Dell Latitude, hata zikiwa zimetumika, mara nyingi hushinda zile mpya zing'aazo madukani: hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake si haba.

Diski iwe ya SSD, isiyo na sahani ya kuzunguka, na isipungue gigabaiti 512. Tupige hesabu. Picha mbichi moja ya kamera ya megapikseli 24 huchukua megabaiti 25 hadi 30. Arusi ya picha elfu moja ni gigabaiti 30 hivi. Ukiipa Windows gigabaiti 150 na Linux 60, zimebaki 300 kwa picha, yaani arusi kumi tu. Ndiyo kusema diski ya nje si anasa. Mashine nyingine zina nafasi ya diski mbili ndani. Ukiipata ya namna hiyo, weka kila mfumo katika diski yake, na mmoja ukiharibika mwingine utakuwa mzima.

Sasa twaja kwenye kioo, na hapa naomba mnunuzi asifanye haraka, maana ndipo wengi wapotezapo fedha. Vioo vingi vya mashine rahisi haviwezi kuonyesha rangi zote za kipimo kiitwacho sRGB, ambacho ndicho kitumiwacho na simu na maduka mengi ya kuchapa picha. Tafuta kioo cha namna ya IPS kinachofikia karibu asilimia 100 za sRGB. Na kama muuzaji hajui, jaribu mwenyewe. Chukua katika flashi picha ya uso wa mtu umjuaye vema, dada yako kwa mfano, aliyesimama juani kando ya gauni jeupe. Ifungue, kisha uinamishe kioo mbele na nyuma. Ngozi ikigeuka kijivu, au mikunjo ya gauni ikipotea katika weupe, achana na mashine hiyo. Ngozi nyeusi na nguo nyeupe katika picha moja, jua la saa sita likiwaka, huo ndio mtihani wa kila arusi yetu, na kioo kibaya humfanya kijana asahihishe kosa lisilokuwapo: huwang'arisha watu kupita kiasi, na picha zikichapwa wote huonekana kama waliopakwa majivu.

Kwa kioo hicho hicho kuna mtego wa mifumo miwili. Kila mfumo hushika wenyewe kumbukumbu za kusahihisha rangi. Ukipima kioo kwa kile chombo cha kupimia, ukaisahihisha Windows peke yake, picha ile ile ukiifungua upande wa Linux itakuwa na rangi nyingine, nawe utaanza kulaumu programu. Pima pande zote mbili.

Kompyuta za Apple nazipita upesi. Zilizotumia prosesa ya Intel, toka mwaka 2006, ziliweza kupokea Windows kwa njia ya Boot Camp. Lakini tangu Novemba 2020 Apple yatumia prosesa zake yenyewe, na njia hiyo imekwisha. Kwa mifumo miwili simshauri mtu azinunue.

Kabla fedha haijatoka mfukoni, mwambie kijana abebe flashi aliyokwisha kuitayarisha kwa Ubuntu. Mashine huwaka kutoka flashi hiyo bila kugusa diski ya muuzaji. Kwa nusu saa aangalie kama intaneti isiyo na waya yashika, kama sauti yatoka, kama mwanga wa kioo waongezeka na kupungua, kama kadi ya kamera yasomeka, na kama mashine ikilazwa yaamka. Muuzaji akikataa jaribio hilo, maduka ni mengi. Atazame na kibao cha herufi: sisi tuliosoma kwa Kifaransa twazoea A-Z-E-R-T-Y, na mashine nyingi ziingizwazo huja na Q-W-E-R-T-Y. Mifumo yote miwili yaweza kuambiwa ifuate mpango wa Kifaransa, na vibandiko vya herufi hununuliwa kwa fedha kidogo.

Betri je? Kolwezi yakaa karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke katika mto Lualaba, na ule mstari mkubwa wa umeme uliojengwa toka Inga, kilometa 1,700 hivi, huishia papa hapa. Hata hivyo taa zazimika, na kila mwenye kazi yajua hali hiyo. Betri nzuri ndiyo imwokoayo mpiga picha umeme ukatikapo katikati ya kunakili. Katika Windows aandike amri hii, powercfg /batteryreport, naye atapewa ripoti yenye hesabu mbili: uwezo wa betri ilipotengenezwa, na uwezo iliobaki nao leo. Ya pili ikiwa nusu ya kwanza, bei ishuke, au betri ibadilishwe.

Na ndani ya betri hiyo kuna kitu chetu. Betri za lithiamu na kobalti zilianza kuuzwa na Sony mwaka ule ule wa 1991 ulipoanza Linux, na mpaka leo betri nyingi za kompyuta za kupakata zina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake katika ardhi hii. Mwaka 2014, watu wa mtaa wa Kasulo walipogundua mawe hayo chini ya nyumba zao, walichimba mashimo nyuani na hata vyumbani. Madini huondoka kwa malori, husafishwa zaidi huko China, kisha hurudi katika sanduku la kadibodi, nasi twayanunua kwa dola. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, katika kazi yake ya mwaka 2006 iitwayo «Mémoire», aliunganisha picha za kale za wafanyakazi wa migodi na picha alizopiga mwenyewe za mitambo iliyochakaa, hata wazee hao wakaonekana wamesimama tena katika magofu. Chama alichokianzisha pamoja na wenzake, ambacho huandaa maonyesho makubwa ya Lubumbashi tangu 2008, kilijiita kwa neno letu wenyewe: Picha.

Likibaki la mwisho, ni kuweka mifumo yenyewe. Windows itangulie, Linux ifuate. Diski ipunguzwe kwa chombo cha Windows chenyewe. Kabla ya hapo, kama diski imefungwa kwa BitLocker, namba za ufunguo wake, tarakimu 48, ziandikwe katika daftari la karatasi. Tena ule uwashaji wa haraka wa Windows uzimwe, ama sivyo Linux yaweza kukataa kuandika katika sehemu ya picha. Na msishangae saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa 2 baada ya kutoka Linux: Linux huhesabu saa ya ndani ya mashine kwa majira ya ulimwengu, na Windows kwa majira ya hapa Lualaba, yaliyo mbele kwa saa mbili. Upande wa Linux amri timedatectl set-local-rtc 1 huzipatanisha.

Juu ya kunakili picha kwanza, nitasimulia moja tu. Mtoto wa jirani yangu alikuwa na picha za arusi ya Jumamosi katika diski, naye Jumapili usiku akaamua kuongeza Linux. Mashine ikamwuliza: iwekwe kando ya Windows, au diski yote ifutwe? Alikuwa amechoka, akabonyeza jibu la pili. Kadi ya kamera alikwisha kuisafisha asubuhi kwa ajili ya ubatizo. Bibi wa bibi arusi alikuwa amesafirishwa toka Sandoa kuja kuiona siku ile, akakaa mbele, akapigwa picha akimshika mjukuu wake kidevu. Kabla mvua hazijakoma bibi huyo alifariki. Mama wa bibi arusi alifika mara tatu kuuliza kama hakuna hata moja iliyobaki. Kijana yule sasa ana diski mbili za nje. Moja hukaa kwake, nyingine hukaa kwetu kabatini, na kila Jumatatu asubuhi huja kubisha hodi kuzibadilisha.