Sauti ikishakuwa nzito, nyota mdogo anakwenda wapi?

Songea wanayajua haya. Jumapili kanisani watoto wa Utoto Mtakatifu wanaimba, binti au kijana wa darasa la tatu anaachiwa beti moja peke yake, na mtu wa viti vya nyuma anatoa simu. Hata kabla ya chakula cha mchana klipu imeshapita Bombambili na Lizaboni, imefika Peramiho, imeingia kwenye kundi la ndugu walioko Dar. Ikipata bahati, msanii mwenye jina anaiposti, redio inamtafuta mzazi, na wanasiasa wanakumbuka ghafla kwamba wao ni walezi wa vipaji. Wiki chache baadaye zamu ni ya mtoto mwingine, wa mkoa mwingine.

Lawama zote huwa tunazitupia mitandao. Mimi naona kuna adui mkongwe zaidi, naye ni mwili wenyewe. Mvulana akianza kubalehe, mara nyingi kati ya miaka 12 na 14, zoloto lake linakua na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa. Sauti inashuka. Kwa miezi kadhaa anaanza wimbo juu na kujikuta chini bila kupenda. Wasichana nao hubadilika, ingawa kwa upole zaidi. Kilichowashangaza watu, sauti kubwa ndani ya mwili mdogo, hakipo tena, na meneja aliyekuwa anauza udogo hana bidhaa.

Aslay Isihaka ni mfano wa aliyevuka. Nchi ilimjua akiwa Dogo Aslay, kitoto cha Temeke chenye sauti ya kulia, kupitia "Naenda Kusema". Kilichomsaidia, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuachwa asimame peke yake. Mkubwa na Wanawe, kituo cha Said Fella, kilimweka pamoja na vijana wenzake, na baadaye Yamoto Band ikampa wenzake watatu wa kugawana nao mzigo: Beka, Enock Bella na Maromboso, ambaye leo ni Mbosso. Sauti yake ilikomaa akiwa katikati ya kundi. Kundi lilipovunjika, mwaka 2017 aliachia nyimbo mfululizo akiwa mwanaume mzima, na watu wakaacha kumwita dogo.

Dogo Janja wa Arusha alipita njia yenye mabonde. Madee wa Tip Top Connection alimleta Dar angali mwanafunzi, akavuma, wakatofautiana, akarudi kwao. Ilibidi tumsubiri mpaka 2016 na "My Life" ndipo tumsikie upya, kwa koo jingine.

Uganda mjadala huu ulifika serikalini. Mwaka 2019 Fresh Kid, jina lake halisi Patrick Ssenyonjo, alikuwa na miaka saba tu na tayari anarap kwa Kiganda kwenye majukwaa ya wakubwa. Waziri Florence Nakiwala Kiyingi akasema mtoto arudi shule, kwani huko ni kumfanyisha kazi. Mashabiki walimjia juu waziri kama vile amewanyang'anya mali yao, lakini hatimaye shule ikawekwa mbele na muziki ukasogezwa wikiendi na likizo. Kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, tena inakataza mtoto kufanya kazi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nani asiyejua shoo zetu huanza saa ngapi?

Ndiyo maana jicho langu linakwenda kwenye uigizaji. Hadithi inamhitaji mtoto wa miaka saba, na hiyo hiyo inamhitaji binti wa miaka kumi na saba, mama mwenye nyumba na bibi mchawi. Elizabeth Michael, Lulu, aliingia Kaole Sanaa Group akiwa mtoto mdogo, na watazamaji wa ITV wakamwona akirefuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 alikuwa kijana katika filamu ya "Foolish Age". Mwaka 2016 filamu yake "Mapenzi ya Mungu" ikapata tuzo ya AMVCA kule Lagos kama filamu bora ya Afrika Mashariki. Ninachosema ni kwamba kukua hakukumfukuza kazini.

Songea wenyewe wana ushahidi wa karibu. Mrisho Mpoto, mzaliwa wa huko, alipikwa kwanza na jukwaa la maigizo la Parapanda, ndipo tukamsikia kwenye kaseti na redio akighani. Alikuja na namna ya kusimama, kunyamaza na kumtazama mtu, vitu ambavyo haviondoki na umri.

Na mkoa wao hauna ukame wa majukwaa. Kuna lizombe na mganda, kuna kwaya za UMITASHUMTA, kuna tamasha la Majimaji Selebuka linalokusanya ngoma na wanafunzi mjini. Kinachokosekana ni mwalimu wa maigizo atakayemchukua yule mtoto wa klipu siku simu zinapoacha kuita, amfundishe kubeba nafsi ya mtu mwingine. Wenye kamera wengi wako Dar, zaidi ya kilomita 900 kwa basi kupitia Njombe na Iringa, na mzazi anayemsafirisha mtoto wa miaka tisa kwenda kwa "meneja" aliyempata kwenye simu anacheza kamari na mwanawe.

Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo, TaSUBa, tangu 1981. Fomu yake inaomba cheti cha kidato cha nne.