Mbuzi Watano, Risiti ya Wawili

Tuseme umeshusha mbuzi watano sokoni Ikutha, Kitui. Mtoza ushuru anapokea ada ya wote watano, anakukatia risiti, nawe unaitia mfukoni bila kuisoma kwa kuwa macho yako yako kwa wanunuzi. Ungeisoma, ungeona imeandikwa mbuzi wawili. Pesa za wale watatu hazitaingia Hazina ya Mapato ya Kaunti, ambako Katiba inataka zipelekwe. Sokoni watu wanasema ndiyo kawaida ya kanjo, yaani watumishi wa kaunti. Kisheria ni uhalifu, na risiti hiyo ndiyo ushahidi.

Kifungu cha 210 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ushuru au ada ya leseni isiyotokana na sheria. Kwa kaunti, sheria hiyo ni Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Jedwali lake hutaja ada moja moja: ya mbuzi, ya gunia la ndengu, ya kibanda. Ada isiyokuwemo hailipwi, hata anayeidai akiwa na kitambulisho halali. Asiyekuwa mtumishi wa umma akijifanya mtoza ushuru, kifungu cha 105 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga miaka 3.

Bunge la Kaunti nalo lina mipaka. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliizuia Kaunti ya Mombasa kutoza ushuru malori ya kampuni ya Base Titanium yaliyobeba madini kutoka Kwale. Chini ya Katiba, kaunti inaweza kutoza ada kwa huduma inazotoa. Kwa hiyo ukivuka Mto Athi na mifugo kwenda Kibwezi, Makueni, kisha ukadaiwa ushuru barabarani, una haki ya kuuliza unalipia huduma gani na kwa sheria ipi.

Linaloniuma zaidi ni lile patano la nusu bei. “Nipe nusu, tusiandikishane.” Mchuuzi huona ameponea, kumbe naye ameingia hatiani. Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016 humshika mtoaji sawa na mpokeaji, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5. Mtoza ushuru analijua hilo vizuri. Ukishalipa nusu mara moja, huwezi kumshtaki bila kujitaja, na wiki ijayo bei ya ukimya wako anaipanga yeye.

Basi isome risiti mbele yake: tarehe, idadi, kiasi. Ikikosewa, mwambie airekebishe papo hapo. Akikataa, ihifadhi, andika saa na mahali, kisha piga 1551, simu ya bure ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Wengi huogopa kunyang’anywa kibanda wakiripoti. Sheria hiyo hiyo ya 2016 inamlinda anayeripoti hongo, na anayemtisha au kumsumbua kwa sababu hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kufungwa hadi mwaka 1.