KLACHI YA MSUMENO WA MNYORORO IKIPATA MOTO



Katika Karagwe na Kyerwa miti ya mikaratusi na misindano hukatwa kwa nguzo, mbao na kuni. Hapa Kiruruma nako msumeno wa petroli, ule wenye mnyororo, ni chombo cha riziki. Lakini ukinuka kama mpira unaoungua, usiseme "utapoa tu". Hiyo ni klachi inayolia.

Klachi inafanyaje kazi?

Klachi ina viatu vya chuma, springi na ngoma. Injini ikizunguka polepole, springi huvivuta viatu ndani. Havigusi ngoma, na mnyororo unatulia. Ukibana mafuta, injini hukimbia, viatu hutanuka na kuikamata ngoma. Hapo ngoma huuvuta mnyororo. Ni kama jiwe lililofungwa kwenye kamba: ukilizungusha kwa kasi linavuta kwenda nje.

Viatu vikiteleza badala ya kukamata, vinaisugua ngoma. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utaona vinavyopata moto. Chuma nacho ni hivyo hivyo.

Moto huletwa na nini?

1. Kubana mafuta bureki ya mnyororo ikiwa imefungwa.
2. Mnyororo butu. Ukiona msumeno unatoa unga badala ya vipande vya mti, ni butu. Mkataji hukandamiza, klachi inateleza.
3. Mnyororo kubanwa na gogo, halafu mtu anaendelea kubana mafuta.
4. Mnyororo kukazwa mno, au kukosa oili.
5. Springi kulegea au kukatika.

Namna ya kuchunguza

Zima injini, acha ipoe, kisha chomoa waya wa plagi. Usiruke hatua hii, maana mnyororo ukishtuka unaweza kukukata vidole. Vaa glavu. Fungua bureki, halafu vuta mnyororo kwa mkono. Ukiwa mgumu, anza kwa kuulegeza kidogo.

Ondoa kifuniko cha pembeni, futa vumbi la mbao, utazame:

– Ngoma imegeuka rangi ya buluu? Imeungua. Ikiwa na ufa au mifereji mirefu, itupwe.
– Viatu vimelika upande, au vinang'aa kama kioo?
– Springi zimelegea?
– Beringi ya ngoma imekauka?
– Gia ndogo ya pampu ya oili imeyeyuka? Mara nyingi ni ya plastiki. Ikiharibika, mnyororo hukosa oili na moto unarudi tena.

Namna ya kutengeneza

Toa plagi. Zungusha injini taratibu mpaka pistoni ianze kupanda na kukaribia juu. Ingiza kamba safi katika tundu la plagi, mwisho wake ubaki nje. Kamba hiyo itaizuia pistoni bila kuiumiza. Usichomeke bisibisi.

Sasa fungua klachi. Angalia sana: katika misumeno mingi hufunguliwa kwa kuizungusha kama mishale ya saa inavyokwenda, kinyume cha nati za kawaida. Tazama mshale uliochorwa juu yake. Wengi wamevunja klachi kwa kukaza wakidhani wanafungua.

Badilisha springi zote pamoja, siyo moja. Viatu navyo vibadilishwe vyote. Beringi ipakwe grisi kidogo, lakini grisi isifike kwenye viatu wala ndani ya ngoma, maana vitateleza. Rudisha kila kitu mahali pake, toa kamba, funga plagi na kifuniko, rudisha waya.

Washa, fungua bureki, uache injini izunguke polepole. Mnyororo usizunguke. Ukizunguka, punguza mzunguko kwa skrubu yake. Ukiendelea kuzunguka, springi hazifai: zima, usikate mti. Msumeno wa namna hiyo unaweza kumkata mtu paja wakati anatembea tu.

Kumbuka pia kwamba klachi yenye moto ikiwekwa juu ya nyasi kavu wakati wa kiangazi inaweza kuwasha shamba zima. Ipumzishe juu ya udongo mtupu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tupa ya kunolea ni rahisi kuliko klachi mpya.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mnyororo butu huunguza klachi?
2. Kwa nini waya wa plagi hutolewa kwanza?
3. Katika kijimbo chenu, nani hunoa minyororo, na huinoa lini?