SABABU GANI WATU WANALIPA MAKUTA MINGI ILI WAENDE KUSIKIA BARIDI?



Katika somo la jiografia kulitokea mabishano. Mwalimu alisema ya kwamba kila mwaka, tangu Desemba mpaka Machi, watu wengi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, hata wa China, wanapanda ndege kwenda vakansi, si fasi ya joto, lakini kaskazini kabisa ya Ulaya, kwenye theluji na giza. Kalasi yote ilicheka. Mmoja akasema: «Mutu mwenye akili hawezi kulipa juu ya kutetemeka!» Kengele ililia mbele ya kupata jibu, na mimi nikaombwa niandike maelezo. Basi someni polepole, maana jambo hili haliko la wazimu kama tulivyofikiri.

Kwanza tujue ni fasi gani. Kamateni karta ya dunia mutafute inchi tatu zenye kufuatana: Norwe, Uswidi na Ufini. Juu, kaskazini yao, kunapita mstari wenye kuitwa Duara ya Aktiki, karibu digri 66 na nusu za latitudo. Nchi yenye kuzunguka mstari ule kwa upande wa Ulaya inaitwa Laplandi, na wenyeji wake wa zamani, watu wa kabila la Wasami, wanaiita Sápmi. Miji yenye kupokea wageni wengi ni Rovaniemi katika Ufini, Tromsø katika Norwe, na Kiruna katika Uswidi.

Sasa jambo la giza. Sisi wenye kukaa karibu na ikweta tumezoea: saa kumi na mbili asubuhi jua linatoka, saa kumi na mbili jioni linaingia, mwaka muzima. Kule si vile. Dunia haisimami wima mbele ya jua, imeinama digri 23 na nusu. Ukitaka kuelewa, kamata chungwa, lichome kijiti katikati, kisha liinamishe mbele ya taa ya petroli na kulizungusha. Utaona ya kwamba kichwa cha chungwa kilichoinama kwa upande wa nyuma hakipati mwangaza hata ukizungusha namna gani. Njo hivi mambo yalivyo kule mwezi wa Desemba. Katika Rovaniemi siku fupi kabisa ina mwangaza wa jua kwa muda wa saa mbili na kidogo tu. Katika Tromsø, penye digri zaidi ya 69, jua halionekani kabisa tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Tena kwa sababu ya milima, watu wa muji ule wanaliona vizuri mara ya kwanza karibu tarehe 21 Januari, na siku ile watoto wanafurahi, watu wanakula mikate mitamu ya kukaangwa, ndugu ya beinye zetu, kwa kulikaribisha jua.

Lakini musifikiri ni giza la usiku wa manane kwa saa makumi mbili na ine. Saa sita ya muchana jua liko chini kidogo tu ya upeo wa nchi, na mwanga wake unapanda angani kama mapambazuko yasiyoisha. Theluji nyeupe inaurudisha. Kila kitu kinakuwa na rangi ya buluu: miti, nyumba, hata nyuso za watu. Wafini wana neno moja tu kwa majira yale, kaamos. Mtu wa London aliyechoka na mvua, moshi na kelele za magari, akisimama ndani ya ukimya ule wa buluu, anasikia kama amefika dunia ingine. Hii ni sababu ya kwanza ya wao kulipa.

Ya pili ni theluji yenyewe. Sisi tunaijua theluji kwa kusoma Isaya na Zaburi, na wengi wetu tunafikiri ni kama barafu ya ndani ya frigo. Hapana. Theluji ikianguka mupya ni laini kuliko pamba, na ndani yake kuko hewa mingi kuliko maji. Hewa ile iliyofungwa inazuia joto kupita. Kwa hiyo (muone maajabu!) theluji inalinda na baridi. Panya na ndege wa kule wanachimba mashimo ndani yake ili walale vizuri. Theluji inameza sauti vilevile, na ndiyo sababu pori la Laplandi linanyamaza kupita kanisa mbele ya maombi.

Baridi ni ya kweli, sitawadanganya. Frigo ya kugandisha nyama iko na digri 18 chini ya ziro. Katika Laplandi, digri 30 chini ya ziro si ajabu. Mwezi wa Januari 1999, fasi yenye kuitwa Pokka, katika Kittilä, ilipimwa digri 51 na nusu chini ya ziro. Namna gani mgeni hafi? Jibu ni mavazi. Haifai kuvaa koti moja kubwa, inafaa kuvaa nguo nyingi moja juu ya ingine: ya ndani ya manyoya ya kondoo, ya katikati nene, na ya inje yenye kuzuia upepo. Tena ni ile hewa katikati ya nguo yenye kuchunga joto la mwili, sawa vile hewa ya ndani ya theluji. Nguo ya pamba, kama shati zetu za masomo, ni mbaya sana: inakunywa jasho, inabaki maji, na maji yale yanaiba joto la mwili. Wenye kupokea watalii wanawaazima mavazi yote, tangu viatu mpaka kofia, kabla ya kuwapandisha juu ya magari yasiyo na magurudumu, yenye kuvutwa na imbwa kumi hivi au na nyama mwenye kuitwa reni, ndugu ya kulungu.

Kisha ile baridi, kuna sauna. Ni chumba cha mbao chenye jiko la mawe ya moto. Unamwanga maji juu ya mawe, mvuke unapanda, unatoka jasho kama mtu mwenye malaria. Wengine wanatoka mle mbio na kujitupa katika theluji, kisha wanarudi. Wafini ni karibu watu milioni 5 na nusu, na sauna zao zinahesabiwa karibu milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliandika desturi ile ya sauna katika orodha ya urizi wa wanadamu. Mtu ambaye hajasikia baridi kamili hajui utamu wa moto, na nafikiri watalii wengi wanatafuta utamu ule hasa, hata kama wanasema wamefuata theluji.

Watu wa Jukkasjärvi, kijiji karibu na Kiruna, walipita wote kwa kuuzisha baridi. Kila mwezi wa Machi wanakata vipande vikubwa vya barafu katika muto Torne, kimoja kina uzito wa karibu tani 2, wanavichunga katika stoo, na mwisho wa mwaka wanajenga navyo hoteli. Kuta ni barafu na theluji, vitanda ni barafu, hata glasi za kunywea ni barafu. Kazi hii ilianza karibu mwaka 1990. Mgeni analala juu ya ngozi za reni, ndani ya mfuko munene wa kulalia, na chumba kina digri 5 hivi chini ya ziro. Wakati inje ni digri 30 chini ya ziro, chumba kile ni cha joto! Mwezi wa Aprili hoteli inayeyuka, inarudi muto. Mwaka unaofuata wanajenga ingine, yenye umbo lingine. Tangu 2016 kuna sehemu moja yenye kubaki mwaka muzima kwa nguvu za umeme wenye kutoka kwa mwangaza wa jua, kwa sababu wakati wa kiangazi kule jua halilali.

Lakini ukiuliza mtalii amekuja kuona nini, wengi watajibu: mianga ya kaskazini. Ni mapazia ya mwangaza yenye kucheza angani usiku, kijani zaidi, pengine mekundu au ya zambarau. Si moto, wala si mawingu. Jua linatupa vipande vidogo sana vyenye umeme, na dunia, kwa kuwa ni kama sumaku kubwa, inavielekeza kwenye kaskazini na kusini ya mwisho. Pale vinagonga hewa ya juu sana. Oksijeni ikigongwa kilometa mia moja na zaidi juu ya nchi inatoa rangi ya kijani. Oksijeni ya juu zaidi, kupita kilometa 200, inatoa nyekundu. Mtaalamu wa Norwe, Kristian Birkeland, alionyesha mambo haya mwanzoni mwa karne iliyopita: alitia mupira wenye sumaku ndani ya sanduku lililotolewa hewa, akapitisha umeme, na mwangaza ukatokea kuzunguka vichwa viwili vya mupira ule. Zamani Wafini waliita mianga ile «moto wa mbweha», na wazee wa Wasami walikataza watoto kuipigia miluzi, isije ikashuka kuwakamata.

Nguvu ya mianga inapanda na kushuka pamoja na jua, kwa muda wa miaka karibu 11. Usiku wa tarehe 10 Mei 2024 ilikuwa na nguvu hata ikaonekana katika inchi nyingi ambazo haizoei kuonekana. Lakini hakuna hoteli yenye kuweza kukuahidi kitu. Mawingu yakija, umelipa bule. Wako wenye kukaa inje usiku ine wakirudi na mafua tu.

Na biashara ya Noeli? Mwaka 1927 mtangazaji mmoja wa redio ya Ufini, Markus Rautio, aliambia watoto ya kwamba mzee mwenye kugawa zawadi za Noeli anakaa mulima Korvatunturi, ndani ya Laplandi. Rovaniemi, muji uliochomwa na askari wa Ujerumani walipokimbia mwaka 1944 na kujengwa upya kisha vita, ulikamata hadizi ile. Mwaka 1985 walifungua kijiji cha yule mzee juu ya mstari wa Aktiki. Wamepiga rangi ile mstari chini ili watu wauruke mbele ya fotografi. Wataalamu wanajua kwamba mstari wa kweli unasogea pole kila mwaka, lakini rangi inabaki palepale. Sisi wana wa masomo haya tunajua Noeli ni sikukuu ya nani. Muji uliokuwa majivu umepata kazi kwa watu wake, na hilo siwezi kulicheka.

Kuna upande mwingine ambao karatasi za matangazo haziuandiki sana. Wasami wanalalamika juu ya watu wasio Wasami wanaovaa mavazi ya kabila lao mbele ya watalii ili wapate makuta. Mwaka 2018 bunge la Wasami wa Ufini lilitoa maagizo kuhusu utalii wenye heshima. Fikirini mgeni akivaa mavazi ya mwami wetu na kucheza sokoni kwa malipo, tungenyamaza? Tena nchi ya Aktiki inapata joto mbio kuliko zote. Wataalamu walitangaza mwaka 2022 kwamba tangu 1979 imeongeza joto karibu mara ine kupita dunia kwa jumla. Mvua inanyesha katikati ya baridi, inaganda juu ya theluji, na reni hawezi tena kuchimba kwa kwato ili afikie kuvu ya udongo anayokula. Mchungaji wa reni anaona nyama zake zinakonda. Wenye viwanja vya kuteleza, kama Ruka na Levi, wanafunika theluji ya mwaka uliopita wakati wa kiangazi ili waitandaze tena Oktoba. Na ndege zenye kuleta watalii zinatoa moshi wenye kuongeza lile joto. Mtu anapenda theluji, na safari yake inaipunguza.

Hata sisi jambo hili linatugusa. Katika mulima Rwenzori, kwenye mpaka wetu na Uganda, kilele Margherita kina meta 5109, na barafu iko pale juu, ndani ya Kongo yetu. Mtawala mdogo wa Italia, mwenye cheo cha Abruzzi, alipopanda mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilikuwa kilometa za mraba zaidi ya 6. Leo imebaki chini ya 1. Wazee wa Mutwanga waliona weupe mukubwa ambao watoto wao hawauoni.

Swali la mwisho lililoletwa kwangu: mtu wa kwetu anaweza kuvumilia kule? Anaweza. Wakongomani wengi walipokelewa kama wakimbizi katika Ufini, Norwe na Uswidi, na wanaishi kule pamoja na watoto wao, wengine wakisema Kiswahili nyumbani. Lakini wao si watalii. Mtalii anasikia baridi siku tano, anarudi kwao na fotografi; wao wanaamka saa kumi na moja katika giza, wanatosha theluji mbele ya mlango, na kwenda kazini au masomoni miezi sita ya mwaka. Kama siku moja mmoja wetu atapata kwenda kusoma kule, achunge haya: avae kofia, viatu visimubane maana hewa lazima ikae ndani, ale chakula chenye mafuta, na asiguse chuma kwa mkono mtupu wala kwa ulimi, kwa maana ngozi inaganda palepale, na kuitosha ni maumivu.