Sindano Tano za Yambuku

Hapa Ngezi, katika mji wetu wa Bunia, mgonjwa akirudi kutoka dispensari huulizwa kwanza: "Je, umepigwa sindano?" Akijibu kwamba amepewa vidonge tu, wazee hutikisa vichwa, na jirani humshauri atafute mganga mwingine. Hatuwacheki watu, maana sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Lakini nchi yetu inayo habari moja ya sindano ambayo yafaa kila jamaa waijue, na zaidi ninyi wanafunzi mnaotamani kazi ya uuguzi.

Mwaka 1976 huko Yambuku, upande wa Bumba, ilikuwako hospitali ya misheni yenye vitanda 120. Masista waliitumikia kwa moyo, na watu walitoka mbali kuifuata. Kila asubuhi wauguzi wa wagonjwa wa nje walipewa sindano tano za kutumia mchana kutwa. Akiisha kudungwa mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha ikamwingia wa pili. Kuchemshwa kulingoja jioni, wala si kila jioni. Mwishoni mwa Agosti alikuja mwalimu wa shule ya misheni mwenye homa, akadungwa dawa ya malaria. Akapata nafuu, kisha homa ikamrudia, naye akafa. Haukupita muda wakaanza kuugua watu waliodungwa hospitalini humo, wakiwamo akina mama wajawazito.

Ugonjwa huo, ulioitwa baadaye Ebola kwa jina la mto, uliwashika watu 318, ukaua 280. Katika wale walioambukizwa kwa sindano peke yake hakupona hata mmoja. Watumishi wa hospitali walikuwa 17, wakafa 11. Mwisho wa Septemba hospitali ilifungwa, na maradhi yakaanza kupungua. Ni jambo zito kulisema: mlango wa kuponyea ulipofungwa, ndipo kijiji kilipopata nafasi ya kupona.

Je, Masista walikosa upendo? Hasha! Walikaa na wagonjwa wao mpaka baadhi yao wakafa pamoja nao. Walikosa sindano za kutosha, na hakuwapo mtu wa kuhesabu ni mara ngapi sufuria ilichemka. Nayo elimu hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1847 mjini Vienna mganga Semmelweis aliwaamuru waganga wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa akina mama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama wawili tu.

Sisi wa Ituri tulijifunza somo lilo hilo kwa uchungu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikaingia na kwetu, ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, imekwisha kuua watu 2,287. Safari hii ilikuwapo chanjo, zikapatikana na dawa. Hata hivyo wengi waliupata ugonjwa katika nyumba ndogo za matibabu, mlimolazwa pamoja mwenye malaria na mwenye Ebola. Siku zile ndoo ya maji ya klorini ilisimama kila mlangoni. Leo ndoo nyingine twaziona zikitunzia maharagwe.

Tusiwalaumu wauguzi peke yao. Wengi hawapati mshahara wa serikali kwa taratibu, huishi kwa fedha za wagonjwa. Na mgonjwa hulipia sindano kwa furaha kuliko shauri jema. Basi nasi tunaoidai sindano tunayo sehemu yetu.

Juma lililopita tulimsikia mama mmoja akimwambia mwuguzi kijana: "Mwanangu, ifungue pakiti hapa mbele ya macho yangu." Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akaiweka kando ile aliyokuwa nayo mkononi, akaenda kabatini kuleta nyingine.